Mabehewa matatu ya tangi, skeli moja: lipi limekosea?

Mwenye treni za modeli alikuja na hukumu mkononi. Ana mabehewa matatu ya tangi ya reli za Marekani, yametoka kwa watengenezaji tofauti, na kila boksi limeandikwa skeli O, yaani 1:48, moja ya 48 ya ukubwa halisi. Akiyaunganisha nyuma ya injini moja, hayapatani. La kwanza linapendeza. La pili, lenye kuba tatu mgongoni, linaonekana dogo kupita kiasi. La tatu, refu na lisilo na kuba, linaonekana kubwa lakini "la kweli", kwa maneno yake. Alichotaka kwangu ni uthibitisho tu kwamba lile dogo ni la kuchezea watoto, aliuze, atafute jingine.

Sikumpa uthibitisho huo. Baada ya kupima, behewa lililoshtakiwa ndilo lililokuwa na utetezi mzuri kuliko alivyodhani, na yale mawili aliyoyaamini yalikuwa na uongo ulioandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Naeleza hapa jinsi tulivyofika huko, kwa sababu njia yenyewe inafaa kwa behewa lolote la tangi, la skeli yoyote.

Tuanze na kwa nini jicho halitoshi. Mabehewa ya mizigo yaliyofungwa ya enzi moja hukaribiana ukubwa, kwa hiyo ukiyaweka mawili pamoja na moja likazidi jingine, una haki ya kushuku skeli. Matangi hayako hivyo. Tangi hujengwa kwa ajili ya kimiminika chake, na kinachoamua ukubwa ni uzito. Behewa la Marekani la ekseli nne lilikuwa na kikomo cha uzito jumla cha paundi 263,000, kama tani 119. Ukitoa uzito wa behewa lenyewe, tukadirie mzigo unabaki tani 90 hivi. Asidi ya salfuriki ina uzito wa kilo 1.84 kwa lita. Gawanya, na tani 90 za asidi zinaingia kwenye tangi la mita za ujazo 49, kama galoni 13,000. Kostiki soda ya asilimia 50, kilo 1.52 kwa lita, inahitaji galoni 16,000 hivi. Petroli, kilo 0.74, inataka zaidi ya galoni 30,000 ili behewa libebe uzito uleule. Haya yote yanaweza kuwa ya mwaka mmoja, kwenye treni moja, yakifuatana. Tangi la asidi litakuwa jembamba na fupi, la petroli litalivuka kwa urefu na kwa kimo, na hakuna mtu wa reli atakayesema moja kati yake lina skeli mbaya. Kwa hiyo mtu anayesema "haya hayalingani, moja ni bovu" hajasema kitu bado.

Kinachosema kitu ni ujazo. Tangi karibu lote ni mcheduara, na mcheduara una vipimo viwili tu: kipenyo na urefu. Pima kwa kalipa, kile kipimio cha taya mbili, kwa milimita, zidisha kwa 48, gawanya kwa 1,000 upate mita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 0.785, kisha kwa urefu. Hizo ni mita za ujazo. Zidisha kwa 264 upate galoni za Marekani, ambazo kila moja ni lita 3.785. Halafu soma ubavuni mwa behewa limeandika nini. Unene wa chuma hausumbui: ukuta wa tangi la kawaida la aina ya DOT-111 (aina katika kanuni za wizara ya uchukuzi ya Marekani) ni milimita 11, ambazo kwa 1:48 ni robo milimita. Kinachosumbua ni mkono wako. Kwenye kipenyo cha milimita 46, kosa la milimita moja linabadilisha jibu kwa zaidi ya asilimia nne, kwa sababu kipenyo kinaingia mara mbili. Pima sehemu kadhaa, na usipime juu ya mikanda inayolishika tangi.

Sasa mabehewa yenyewe.

La kwanza, lile linalopendeza, lina kuba moja, vichwa vya ribiti vilivyochongwa vizuri, na maandishi ya ICC-103, aina ya tangi katika kanuni za zamani zaidi, kabla ya DOT. Ubavuni limeandikwa galoni 8,000. Tangi lina kipenyo cha milimita 46 na urefu wa 204. Katika 1:48 hiyo ni mita 2.21 kwa mita 9.79, na hesabu inatoa karibu galoni 9,900. Behewa linadai 8,000. Tofauti ya galoni 1,900 haisababishwi na kalipa.

Hapa kuna mtego mmoja ambao nimeona watu wazoefu wakiuingia. Neno "O" si skeli moja. Marekani ni robo inchi kwa futi, 1:48. Uingereza ni milimita saba kwa futi, takriban 1:43.5. Bara la Ulaya wengi wanatumia 1:45. Ukilipima behewa letu la kwanza kwa 1:43.5, tangi linakuwa mita 2.00 kwa 8.87, na ujazo unashuka hadi galoni 7,400 hivi. Ghafla 8,000 iliyoandikwa ubavuni inaonekana ya kuaminika, na mtu anaweza kuondoka akisema: aha, hili limetengenezwa kwa skeli ya Kiingereza likauzwa kama la Kimarekani. Ni maelezo matamu. Pia si kweli.

Ili kujua skeli, usitumie tangi, kwa sababu tangi lina saizi nyingi. Tafuta kitu ambacho kwenye reli halisi kina saizi moja tu. Magurudumu ndiyo bora. Kwa mabehewa mengi ya Marekani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 kipenyo cha gurudumu kilikuwa inchi 33, milimita 838. Kwa 1:48 hiyo ni 17.5; kwa 1:45 ni 18.6; kwa 1:43.5 ni 19.3. Tofauti ya karibu milimita mbili inaonekana hata kwa rula ya shule. Magurudumu ya behewa la kwanza yalisoma 17.5 bila ubishi. Ukiyapima, pima sehemu inayokanyaga reli na si ukingo wa ndani, maana ukingo wa modeli karibu kila mara ni mkubwa kupita kiasi ili gari lisitoke njiani. Shahidi wa pili ni kimo cha kiunganishi. Kiwango cha Marekani ni inchi 34 na nusu kutoka juu ya reli, milimita 876, ambazo kwa 1:48 ni 18.25. Nacho kilikuwa pale pale. Wa tatu ni sanamu ndogo ya mtu: mtu wa mita 1.75 kwa skeli hii ana kimo cha milimita 36 na ushee. Msimamishe kwenye njia ya kutembelea kando ya tangi. Kishikio kikimfika mahali ambapo mkono wake ungekitafuta, skeli ni yake.

Upana wa njia ya reli usiutumie kabisa, ingawa ndio wa kwanza kumjia mtu akilini. Skeli O ya Marekani inatembea juu ya njia ya inchi moja na robo, milimita 31.75. Zidisha kwa 48: milimita 1,524, futi tano kamili, wakati njia ya kawaida halisi ni 1,435. Yaani skeli nzima imejengwa juu ya reli iliyo pana kwa karibu sentimita tisa. Wapo wanaoichukia dosari hiyo kiasi cha kujenga reli zao upya kwa njia nyembamba sahihi, na nawaheshimu, ila kwa kesi hii njia ni shahidi anayesema uongo kwa mabehewa yote sawasawa.

Turudi kwenye behewa la kwanza. Skeli ni 1:48. Basi tangi ni la galoni 10,000, na maandishi ya 8,000 ndiyo yaliyokosea. Namna ilivyotokea si vigumu kuikisia. Matangi ya galoni 8,000 na 10,000 ya miaka ya 1920 na 1930 yaliweza kuwa na urefu karibu uleule yakatofautiana kwa unene. Kalibu ya modeli ni ghali, rangi ni rahisi. Mtengenezaji anachonga tangi moja na kulivalisha nembo za kampuni nyingi, na maandishi ya kampuni mojawapo yalinakiliwa kutoka picha ya behewa dogo zaidi. Kwa 1:48, galoni 8,000 katika urefu huohuo zingetaka kipenyo cha milimita 41 na kidogo. Kumbuka hiyo 41, maana inarudi.

Behewa la pili ndilo mshtakiwa. Kuba tatu, magurudumu madogo, viunganishi vinene. Halikuandikwa ujazo wowote. Tangi lina kipenyo cha milimita 40 na urefu wa 190. Kwa 1:48: mita 1.92 kwa 9.12, karibu galoni 7,000. Mwenye treni aliguna akidhani nimemsaidia. Ila matangi ya kuba nyingi yalikuwa mabehewa ya vyumba: kila kuba na chumba chake, ili mteja mdogo apokee mafuta ya aina tatu kwa behewa moja. Jumla ya galoni 6,000 au 8,000 kwa behewa kama hilo ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo kwa tangi pekee, "toi" hili liko ndani ya mipaka ya ukweli. Na kama behewa la kwanza lingekuwa kweli la galoni 8,000 kama linavyojitangaza, lingekuwa na kipenyo cha 41, na jirani yake wa 40 asingeonekana mdogo hata kidogo. La pili lilionekana kibete kwa sababu la kwanza lilikuwa limevaa namba isiyo yake.

Lakini silitakasi. Magurudumu yake yana milimita 15.5. Gawanya 838 kwa 15.5 upate 1:54. Basi nikafanya hesabu ambayo ilinifurahisha kuliko zote: nikapima tangi kana kwamba behewa zima ni 1:54. Mita 2.16 kwa 10.26, ujazo galoni 9,900. Karibu 10,000! Kwa hiyo kitu hiki kinasomeka kwa njia mbili, na kila moja inakubalika kwa hesabu: ni behewa la galoni 7,000 la 1:48 lililowekewa magurudumu madogo, au ni behewa la galoni 10,000 lililopunguzwa lote hadi 1:54 ili lipite kwenye kona kali za reli za sebuleni. Tabia hiyo ya pili ni ya zamani katika skeli O. Kulikuwa na mstari mzima wa treni, O27, uliopewa jina kwa duara la kipenyo cha inchi 27, na magari ya duara hilo yalifupishwa na kupunguzwa bila mtu kuona aibu. Yalikuwa ya watoto, na yalifanya kazi yake.

Kinacholiangusha behewa la pili ni mambo mengine. Kuba tatu zinamaanisha vyumba vitatu, na kila chumba kinahitaji tundu lake la kutolea chini. Nililigeuza: tundu moja, katikati. Kama chumba cha mbele na cha nyuma vina petroli, vitamwagwaje? Viunganishi ni karibu mara mbili ya ukubwa unaotakiwa, na vinalisukuma behewa mbali na jirani yake, ndiyo maana kwenye treni linaonekana limetengwa. Kishikio cha kando, ambacho kwa bomba la milimita 32 kingekuwa na unene wa theluthi mbili ya milimita, hapa kina zaidi ya milimita moja na robo. Nadhani unene huo ndio uliomfanya mwenye treni aone "toi" kabla hajaona udogo. Vitu vinene kwenye tangi dogo hulidogosha zaidi.

La tatu sasa. Halina kuba, limeandikwa DOT-111A na galoni 30,000, na mwenye treni alilitumia kama kipimo cha kuyahukumu mengine. Kipenyo 63.5, urefu 255. Mita 3.05 kwa 12.24. Kama ncha zingekuwa bapa, galoni 23,600. Ila ncha za tangi la kisasa zimefura kwa umbo la duaradufu, na kila ncha inapoteza theluthi moja ya kina chake ukilinganisha na mcheduara uliokatwa wima. Kwa tangi hili hiyo ni asilimia nne hivi. Tunabaki na takriban 22,600. Ili lifikie 30,000 kwa kipenyo hicho, tangi lingepaswa kuwa na urefu wa kama milimita 335. Limekatwa sentimita nane.

Sababu ni kona tena. Behewa halisi la aina hiyo lina mita 18 hivi kutoka kiunganishi hadi kiunganishi, zaidi ya sentimita 37 kwa 1:48, na kwenye kona kali ncha zake zinachungulia nje ya reli na kugonga kila kilicho kando. Mtengenezaji alifupisha urefu na kuacha kipenyo, jambo la busara kibiashara, kwa sababu jicho hupima kimo na unene kwanza, na urefu huusamehe. Mwenye treni aliusamehe kwa miaka. Chini yake kuna jambo jingine: magurudumu ni 17.5, yaleyale ya behewa la kwanza. Mabehewa makubwa ya kizazi hicho, yanayobeba tani 100 za Kimarekani, yana magurudumu ya inchi 36, ambayo ni milimita 19 kwa skeli hii. Fremu za magurudumu zilichukuliwa kwenye kisanduku kilichokuwa karibu.

Wenye skeli ndogo wanaweza kufanya yote haya kwa kubadilisha kizidishi: 87.1 kwa HO, 160 kwa N ya Marekani. Uvumilivu tu ndio unaoongezeka. Tangi la galoni 10,000 kwa 1:48 lina ujazo wa mililita 342. Kwa HO linabaki na 57, na kwa N kalipa ya bei rahisi haifai tena.

Baada ya hapo likaja swali ambalo mwenye treni hakuuliza, nami naona lina uzito kuliko yote. Je, mabehewa haya yangeweza kukutana? Maandishi ya ICC ni ya kabla ya 1967, mwaka ambao wizara mpya ya uchukuzi ya Marekani ilichukua kanuni za vifaa hatari na kuleta herufi za DOT. Kuba zilikuwa mahali pa kimiminika kupanuka joto likipanda. Zilitoweka wajenzi walipoanza kuacha nafasi hiyo ndani ya tangi lenyewe. Mabehewa ya zamani nayo yalikuwa na ukomo: lililojengwa kabla ya Julai 1974 lilizuiwa kupita kutoka reli ya kampuni moja hadi nyingine likitimiza miaka 40. Behewa la kuba la 1930 lingeweza kuonekana hadi 1970. La DOT-111A lenye maandishi mapya lingeonekana kuanzia 1967. Kuna dirisha, ni jembamba, lakini lipo.

Na dirisha hilo ndilo hasa wakati matangi ya Marekani yalipotofautiana ukubwa kuliko wakati wowote. Mwaka 1965 lilijengwa GATX 96500, behewa moja la galoni 60,000 lenye ekseli nane. Likitembea karibu na tangi la kuba la galoni 8,000, tofauti ya mabehewa ya rafiki yetu ingeonekana si kitu. Baadaye wasimamizi waliona imetosha, na kwa mabehewa yaliyojengwa baada ya Novemba 1970 kikomo kikawa galoni 34,500. Kwa hiyo treni yake isiyolingana, akiiweka mwaka 1968, ni sahihi zaidi kuliko treni ya matangi kumi yanayofanana ambayo angeinunua kwa pesa nyingi.

Maamuzi yalitoka kwa haraka baada ya hapo. Behewa la kwanza linafutwa tarakimu 8,000 na kuwekewa 10,000 kwa stika. Kazi ya nusu saa, na pombe ya kusafishia itumike kwa uangalifu ili isile rangi ya chini. La tatu linaandikwa upya kuwa la galoni 22,600 na kupewa mzigo wenye uzito unaokaribia maji au kuuzidi kidogo. Matangi ya ukubwa wa galoni 23,000 hivi yamekuwepo, hivyo hatuzui kitu. Linapewa pia magurudumu ya milimita 19, ambayo yatalinyanyua kidogo chini ya milimita moja, kwa hiyo kimo cha kiunganishi kipimwe tena kabla ya kukaza skrubu. Mwenye treni alipinga hili la kuandika upya. Alitaka tangi lirefushwe badala yake: kununua la pili, kukata yote mawili, kuunganisha. Inawezekana, na kwenye meza yenye kona pana ningemuunga mkono. Kona zake haziruhusu. Behewa la sentimita 37 lingegonga nguzo ya daraja lake la kwanza.

La pili linabaki. Nilimshauri abadilishe viunganishi, achonge matundu mawili yanayokosekana chini, na aweke vishikio vya waya mwembamba. Magurudumu asubiri, kwa sababu kabla ya kuyagusa lazima aamue behewa lake ni la galoni 7,000 kwa 1:48 au 10,000 kwa 1:54, na uamuzi huo hauna kalipa. Mimi ningechukua 7,000, niweke magurudumu ya 17.5, niliunganishe nyuma ya la kwanza. Yeye bado anataka kuliuza.